Kitanda cha Tisa

Ilianza na jambo dogo tu: nafasi haikurudi. Mtunza kumbukumbu wa hospitali alikuwa ameshinda asubuhi akiondoa majedwali ya zamani kwenye kompyuta kuu, na bado mashine ilidai imejaa pomoni.

Hakushangaa. Tangu amzike mumewe, miezi mitatu sasa, hakuna kilichomshangaza wala kumliza. Saa nne ilipofika alitazama simu kwa mazoea, maana marehemu alikuwa akimpigia kila siku saa hiyo kumuuliza kama ameshakunywa chai. Chumba cha mitambo alimokaa hakikuwa na dirisha, lakini kilinuka udongo mbichi.

Simu ikalia kweli. Alikuwa muuguzi wa wodi ya sita.

"Dada, dozi za wagonjwa wangu hazionekani! Vitanda vyote vinane! Sindano za saa nne na nusu nichome kwa kubahatisha? Nitaua mtu."

Haraka haraka haina baraka. Mtunza kumbukumbu alikuwa ameondoa na jedwali la wodi yenye watu. Afadhali kinachoondolewa hakipotei hapo hapo. Hukaa kwenye kapu la taka la kompyuta, kikila nafasi ile ile, na kapu lisipomwagwa, ukikiita kwa jina kinarudi. Akachungulia. Wodi ya sita ilikuwamo mara mbili, ilhali yeye aliondoa moja.

Akaita. Likaja lililoingia mwisho, kama kawaida ya kapu. Lilikuwa na mgonjwa mmoja, wa kitanda cha tisa, aliyelazwa leo. Jina la mumewe.

Akampigia mzee mstaafu aliyemwachia kazi ile, akamweleza.

"Lirudishe kapuni, mwanangu," mzee alinong'ona. "Ulimwage hilo peke yake, ndipo uite la pili. Na usilisome."

"Nimeshalisoma, mzee."

"Basi mwaga upesi."

"Likimwagwa halirudi tena?"

"Halirudi."

Akalirudisha kapuni, akaandika amri ya kulimwaga, na harufu ya udongo ikapanda hadi kooni, na nyuma ya kiti chake kitu kikavuta pumzi taratibu kama mtu aliyechoka kusubiri, na kidole kikabaki juu ya kitufe kwa sababu alitaka kuliacha, aliutaka ule mstari mmoja kuliko wagonjwa wote wanane, na aliona aibu, na saa ya ukutani ilibakiza dakika sita kufika wakati wa sindano.

Akabonyeza. Nafasi ikarudi. Akaita la pili. Wagonjwa wanane wakaja na dozi zao. Harufu ikaisha, naye hakuhisi kitu.

Simu ikalia.

"Zimeonekana zote, dada, Mungu akubariki," muuguzi alisema, kisha akashusha sauti. "Lakini kuna kitanda cha tisa huku, sijui nani kakileta. Kuna baba kalala, kajaa udongo mwili mzima. Anauliza kama umeshakunywa chai."

Mtunza kumbukumbu aliitazama saa.

"Mwambie bado," akasema.