Vitufe vya Mkono wa Kulia

Umeme ulipokatika katika mtaa wote wa Kazanchis, watu waliokuwa wakila kwa jasho la kompyuta walikimbilia mgahawa mmoja uliokuwa na jenereta. Mvua ya Machi ilipiga mabati, jenereta ikanguruma uani, na wahudumu wakapenya katikati ya viti na sinia za chai nyeusi na kahawa chungu, kwa kuwa ilikuwa Kwaresima na hakuna aliyethubutu kuagiza maziwa mbele za watu.

Kaleab, kijana mrefu aliyevaa koti la jinzi lililolowa mabegani, alisimama mlangoni akitafuta vitu viwili: kiti na soketi. Kiti kimoja tu kilikuwa wazi. Mbele yake alikaa msichana mwenye sweta ya kijani kibichi, netela nyeupe, shuka jepesi la pamba, imemfunika kuanzia mabegani hadi mapajani, macho yake hayabanduki kwenye skrini. Kaleab aliomba ruhusa, akakaa, akachomeka waya wake, kisha akasahau kabisa kilichomleta.

Msichana yule alikuwa akiandika programu kwa mkono mmoja. Mkono wake wa kulia uliruka juu ya kibodi kwa kasi ambayo Kaleab, mwenye mikono miwili na miaka kadhaa katika kazi hiyo hiyo, hakuwahi kuifikia. Mkono wa kushoto haukuonekana. Ulikuwa umelala mapajani, chini ya shuka.

Kahawa ya msichana ilipoletwa, Kaleab aliingiwa na huruma. Aliichana pakiti ya sukari bila kuulizwa, akaimimina, akaanza kukoroga.

"Inatosha?" akauliza.

"Koroga kidogo tena."

Akakoroga. Kisha nywele za msichana zikamwangukia usoni, naye akainua mkono wa kushoto, mzima, wenye pete nyembamba ya fedha, akazifunga.

"Kumbe unao," Kaleab alisema.

"Ninao tangu kuzaliwa."

"Na umeniacha nikukorogee?"

"Ulikuwa unakoroga kwa huruma nzuri. Nikaona nikikukatiza nitakunyima thawabu za mfungo."

Walicheka wote wawili. Lakini kicheko cha msichana kilikatika ghafla, naye akageuza kichwa kidogo upande wa kushoto, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili. Hapakuwa na mtu. Alisema jina lake ni Meklit, akateremsha mkono wake mapajani, akaendelea na kazi.

Hazikupita wiki nyingi Kaleab akaajiriwa katika kampuni ile ile alimofanya kazi Meklit, kampuni ndogo iliyotengeneza programu ya zahanati. Pale walikuwa na desturi ya kufanya kazi wawili wawili kwenye kompyuta moja: mmoja anaandika, mwenzake anasoma na kumkosoa, kisha wanabadilishana. Siku ya kwanza, Meklit alipomsogezea kibodi, Kaleab alibana vitufe vya kuhifadhi kazi, vile ambavyo dunia nzima huvitumia. Herufi zikavimba zikajaa skrini. Alijaribu kurudisha hali ya awali, skrini ikageuka nyeusi. Mwishowe kidole chake kikagusa kitufe cha pembeni kabisa, kulia, na kila kitu kikajihifadhi na kufungwa kwa mkupuo, kikabaki kioo kitupu chenye sura zao wawili.

Alitegemea achekwe. Meklit hakucheka.

"Hicho ni cha Nahom," alisema. "Alikiweka mwisho."

Kila mwandishi wa programu ana njia zake za mkato: vitufe viwili au vitatu hubanwa pamoja, na kazi ambayo ingetaka kipanya na subira humalizika papo hapo. Wengi huridhika na njia ambazo kihariri, programu ya kuandikia, kimekuja nazo. Wachache huzipanga upya kidogo kidogo, kwa miaka, mpaka kibodi yao haikaliki na mtu mwingine. Nahom alikuwa miongoni mwa hao wachache. Alikuwa mchumba wa Meklit. Wazee wa posa walikwishakwenda na kurudi, na siku ya harusi ilikwishatajwa, ndipo uvimbe ukaota kichwani mwake. Kwanza ulimnyang'anya nguvu za mkono wa kushoto, naye akahamishia njia zote upande wa kulia. Kisha ukamwendea machoni, naye akatenga vitufe vya kukuza herufi na kutia giza nyuma ya maandishi. Mwishoni alichoka hata kufunga kazi yake hatua kwa hatua, akatengeneza kile cha pembeni. Aliyezijua njia zile angeweza kuusoma ugonjwa wake kwenye kibodi, tangu siku za matumaini hadi za mwisho.

Nahom hakuacha picha nyingi. Aliacha namna yake ya kufanya kazi, na Meklit aliihamia kama watu wanavyohamia nyumba ya marehemu. Alimweleza Kaleab kwamba mkono wake wa kushoto ukigusa kibodi, kila kitu kinakuwa cha mtu mwingine. Basi ameuzoeza kutulia.

Kaleab alipaswa kuogopa. Badala yake alipenda. Waligawana injera mchana, wakataniana barabarani kuelekea kituo, na Jumapili simu yake ilikuwa haiachi kuita nyumbani kwa kina Meklit.

"Umekula, mrembo wangu?"

"Nimekula shiro. Na wewe?"

"Mimi nimekula mawazo yako."

"Basi una njaa. Kata simu ukapike."

Alikata akiwa na furaha. Lakini kazini, alipofumba macho na kuusikiliza mwendo wa vidole vya Meklit, alisikia mwendo wa mwanaume: mapigo mawili, kituo, pigo moja zito. Meklit alikuwa amekaa kando yake akinukia mafuta ya nywele na kahawa, na bado aliyekuwa akiandika hakuwa yeye. Wakati mwingine, kwa kutojua, Meklit alisogeza kiti chake kulia kidogo, akiacha nafasi upande wa kushoto ambayo hakuna aliyeikalia. Mwezi wa Julai Kaleab alishindwa kuvumilia, akamwambia amechoka kukaa watatu kwenye viti viwili. Meklit akamwambia yeye hakumwalika mtu akae.

Kompyuta ya Meklit ilikuwa imezeeka. Ilichemka hadi kuunguza mapaja, na kifuniko chake kiliegemezwa kwa kitabu. Ofisi ilipompa mpya, aliiacha ndani ya boksi. Kaleab akaona hapo ndipo pa kutengenezea aliloharibu Julai. Mfungo wa Agosti ulipoingia na Meklit akaomba ruhusa ya kwenda kanisani, Kaleab alitoa kompyuta ile mpya, akaweka kihariri, akaingia katika akaunti ya Meklit kwa nywila aliyowahi kumpa, akaamuru mipangilio isawazishwe kupitia mtandao, ili njia za Nahom zihamie zenyewe. Kihariri kikauliza swali: mipangilio ya kompyuta mbili ichanganywe, au ya kompyuta hii ichukue nafasi ya ile nyingine? Kaleab alifanya wanavyofanya wenzake siku nzima mbele ya maswali ya mashine. Alibonyeza kukubali, bila kusoma.

Alasiri simu yake ikaita.

"Kaleab, umefanya nini?"

"Nimekuletea njia zako kwenye kompyuta mpya. Utanishukuru kesho."

"Niko nyumbani, kwenye ya zamani. Nabonyeza, hakuna anayejibu."

Aliifungua ile mpya kwa haraka. Njia zote zilikuwa zile za kawaida, za kila mtu, safi kama ukuta uliopakwa chokaa. Usafi huo ulikuwa umesafiri mtandaoni ukaifikia kompyuta ya zamani na kuzifuta njia zote za Nahom. Alitafuta nakala za nyuma. Alizozipata zilikuwa nakala za ule utupu. Alijaribu kueleza kuhusu lile swali, akajikanganya.

"Ulisema umechoka kukaa watatu," Meklit alisema, sauti yake ikiwa ya chini. "Nimemzika mara moja, Kaleab. Sikukuomba unisaidie kumzika mara ya pili."

Simu ikakatika.

Meklit aliomba kuhamishiwa meza nyingine kabla Kaleab hajaomba msamaha. Kwa wiki zilizofuata wenzao waliisikia kibodi ya Meklit ikigongwa na kunyamaza, ikigongwa na kunyamaza. Mkono wa kulia ulikuwa ukiendelea kwenda mahali ulipozoea, ukibisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Aliwahi kuuinua wa kushoto na kuuweka mahali pake, kama alivyofundishwa chuoni. Hapo hapo akaurudisha chini. Hakulia mbele za watu. Alivaa sweta ile ile ya kijani, akazungumza na kila mtu kwa adabu, na Kaleab akimsalimu alijibu salamu tu.

Kaleab naye alijifungia katika chumba chake cha kupanga huko Gerji kila alipotoka kazini, akaukalia mkono wake wa kushoto, akaanza kutafuta. Alizijua njia zile kuliko alivyodhani. Alikuwa amezitazama tangu Machi, zikipita mbele yake katika vidole alivyovipenda. Alifumba macho, akausikia ule mwendo, akaufuata: hapa alinakili mstari, hapa aliruka hadi kosa linalofuata, hapa alikuza herufi. Kila alipoipata moja, aliiandika ndani ya kihariri chake mwenyewe, akaizoea kabla ya kutafuta nyingine. Ilikuwa kazi ya kutisha. Kulikuwa na nyakati ambapo mkono wake ulikwenda mahali ambapo hakuuamuru, na njia aliyoiweka hapo ikawa ndiyo yenyewe.

Mwaka mpya wa kalenda yao ulipoingia, Septemba, na wasichana wakapita milangoni na maua ya manjano, alimpigia simu. Meklit alipokea. Alisema yuko Gulele, kwa Emama Aselefech, mama yake Nahom, na kwamba kama Kaleab ana la kusema, basi alisemee pale, kwa kuwa yule mama naye ameibiwa.

Emama Aselefech alikuwa ameketi kwenye kigoda akikaanga kahawa, gauni lake jeusi limepauka mabegani kwa kuvaliwa. Kaleab alisimama mbele yake kompyuta ya Meklit ikiwa mezani kati yao.

"Emama, mimi ndiye niliyefuta kazi ya mwanao."

"Kaa kwanza," mama alisema. "Habari za marehemu hazisemwi kwa kusimama."

Akakaa. Akaingiza kwenye kompyuta ile mipangilio aliyoijenga upya, akaisogeza kwa Meklit. Meklit alibonyeza kwa kusitasita, kitufe kikajibu. Akabonyeza kingine, nacho kikajibu. Mkono wa kulia ukapata mwendo, ukaruka, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti mabega yake yakashuka.

"Umezipata wapi?"

"Mkononi mwako. Nilikaa kando yako miezi yote ile. Ulidhani naangalia skrini?"

Hakutabasamu. "Ulifanya makusudi?"

Kaleab alikuwa amejiandalia jibu njiani, akaliacha. "Sikulisoma lile swali. Hilo ni kweli. Lakini maswali yanayogusa kazi ya watu huwa nayasoma, na lile sikulisoma. Sijui kwa nini. Sitaki kukudanganya kwamba najua."

Meklit akarudi kwenye kibodi. Mkono wake ulifika mahali fulani katikati, ukabonyeza. Kimya. Ukabonyeza tena.

"Hapa palikuwa na kitu," alisema. "Palikuwa na nini hapa?"

Kaleab hakukumbuka. Naye Meklit hakukumbuka. Alijaribu kwa macho wazi, kisha kwa macho yaliyofumbwa, na ndipo alipolia, kwa sababu hakuna wa kulaumiwa kwa kusahau kwake.

Emama alizitikisa punje juu ya moto. "Hata mimi nimesahau alivyokuwa akikohoa," alisema. "Kikohozi chake cha asubuhi. Niliapa sitakisahau."

Kaleab alitoa kompyuta yake mwenyewe, atazame kama njia ile imebaki huko. Mkono wake wa kushoto ulibaki gotini. Wa kulia ulikwenda pembeni kabisa, bila yeye kutaka, na kila kitu kikafungwa. Alitazama kioo kitupu kwa aibu.

"Hata kwako?" Meklit aliuliza.

"Siwezi tena zile za kawaida. Nimejaribu kurudi, nimeshindwa. Naanza kwa mikono miwili, namaliza kwa mmoja. Wakati mwingine naona kana kwamba kuna mtu amekaa kushoto kwangu, ameushika mkono."

"Basi amekuhamia."

"Amenihamia."

"Unamwogopa?"

"Namwogopa. Lakini sitaki aondoke. Akiondoka kwangu, utabaki naye peke yako."

Moshi wa kahawa ulijaa chumbani. Meklit alifuta uso kwa pindo la netela, akamtazama kijana yule kama mtu anayemtambua kwa shida, kisha akasema polepole, "Tuma wazee."

Kaleab alidhani hakusikia vizuri. "Niwatume wapi?"

"Kwa baba yangu. Lakini wapite hapa kwanza." Alimgeukia Emama, na sauti yake ikapungua hadi kuwa ombi. "Ukikataa, Emama, nitawaambia warudi."

Mama yule alizimwaga punje kwenye kinu, akazitazama, akaupangusa mkono wake juu ya lile gauni jeusi ambalo majirani hawakuwa wamemwona na jingine tangu mazishi.

"Waje Jumapili, baada ya misa," alisema. "Leo bado Jumatano. Nguo nyeupe sijui niliziweka wapi."