Nguzo ya Ensali

Wiki nzima mnanisumbua na habari ya nguzo ya Ensali, kana kwamba sina mpunga wa kutwanga. Haya, someni mniache.

Ensali ni rafiki yangu, mjane, wa chumba cha pili katika nyumba yetu ndefu ya familia nyingi, iliyoinuliwa juu ya nguzo. Mchana mmoja aliingia chini ya sakafu, gizani, kutafuta kuku. Akaegemea nguzo yake ya belian, mti usiooza hata kwa miaka mia. Mkono ukazama. Ndani mlikuwa mweupe, nyuzinyuzi kama pamba, mnanuka uyoga. Mtu alikuwa amembadilishia mti laini, akaupaka lami.

Aliyemtengenezea sakafu Ensali alipolazwa hospitali mjini ni Jengga, wa chumba cha tisa.

“Mwizi we!” Ensali akamfokea. “Nyumba ikiniangukia?”

“Kuvu ndilo limekula, bibi. Kalishtaki,” Jengga akacheka. “Ikianguka, lala na kuku.”

Ensali akarudi chini na taa. Kutoka kwenye nguzo yake uzi mweupe ulitambaa juu ya udongo mkavu, ukapita nguzo za majirani sita bila kuzigusa, ukapanda ya Jengga. Akatega sikio pale. Kitu kilikuwa kikifyonza ndani, taratibu, kama mtoto kwenye titi la mama.

Alipoonyeshwa uzi ule, mzee wa nyumba akaamuru Jengga airudishe nguzo aliyoiba. Wakaing'oa: ganda tupu. Basi alipe kwa nguzo zake mwenyewe. Ikatoka ya pili, ya tatu, ya nne.

Belian moja hubebwa na wanaume sita. Jengga alizileta zote nne peke yake, begani, kama mabua.