Sanduku la Bati la Godelive

Mvua ndiyo iliyomsukuma Anaclet ndani ya kibanda cha uchapaji, katikati ya soko la Bunia, na humo ndani akaisahau mvua. Nyuma ya meza aliketi msichana mwenye kitenge cha kijani chenye picha za kasuku. Vidole vyake vilikimbia bila yeye kuvitazama, na nyuma ya kibanda ilinguruma groupe, jenereta ya kuleta umeme.

"Unataka kuandikisha nini, kaka?"

"Barua ya mapenzi."

"Kwa nani?"

"Jina la kuweka juu utanipa weye."

Msichana akacheka mpaka akakosea herufi. "Godelive," akasema.

Tangu siku hiyo Anaclet alirudi kila alasiri kujifunza ordinateur, yaani kompyuta.

"Hii ni écran, inaonyesha tu. Hii clavier, ya kuandikia. Hii ya mkia ni souris." Godelive akagusa kwa kidole cha mguu sanduku la bati chini ya meza. "Na hii ni unité centrale. Ndani yake kuna disque dur. Ndiyo inachunga yote, hata groupe ikizimika."

Humo alikuwa amehifadhi picha za marehemu mama yake. Zile za karatasi ziliungua pamoja na nyumba yao, kule Djugu. Anaclet aliitikia kila neno, lakini macho yake yalikuwa kwenye midomo ya Godelive.

Amani ya miaka ile ilikuwa ya kulala na viatu. Asubuhi moja risasi zikalia, mji ukaanza kukimbia. Godelive alikuwa hospitali ya Nyankunde, akimuuguza shangazi yake. Akapiga simu.

"Chéri, uko wapi?"

"Niko sokoni. Watu wanakimbia!"

"Niokolee ordinateur! Mama yangu iko mule!"

"Usilie, mpenzi. Nitaileta hata kwa kichwa."

Na kwa kichwa kweli aliileta, siku mbili za mguu, shingo ikikaribia kuvunjika. Akaitua mbele yake uani hospitalini, kifua mbele. Ilikuwa écran, nzito, yenye kisogo kirefu.

Godelive akatazama nyuma ya Anaclet. "Na unité centrale?"

"Ile bati ya chini? Niliiacha."

Wagonjwa waliokuwa wakiota jua wakapasuka kwa kicheko. "Kijana amebeba uso, ameacha mutu!" Godelive hakucheka. Aliketi kwenye majani, akalia.

"Miezi tatu nilikufundisha, Anaclet! Ulikuwa unasikiliza nini?"

Damu ikampanda kichwani. "Nimebeba mzigo huu katikati ya risasi, na weye unalilia bati? Basi olewa na bati!"

Akaenda zake Bambu kuchimba dhahabu. Simu yake iliita, hakupokea. Iliita tena, hakupokea. Ilipoacha kuita, ndipo alipoanza kuitazama usiku na mchana.

Mji ulipotulia akarudi. Kibanda hakikuwa na meza wala mlango. Kwa wiki mbili alimuuliza kila muuzaji habari za lile sanduku, mpaka akafika kwa Mama Bernadette, muuza samaki wa Kasenyi, aliyekuwa amekaa juu ya sanduku la bati lililojaa magamba.

"Inuka, mama, tafazali. Umekalia mama mkwe wangu."

"Huyu amelewa asubuhi yote hii?"

Aliposikia kisa chote, Mama Bernadette alicheka, akafuta machozi, akaomba kiti kingine tu. Anaclet akamletea cha mbao. Kisha akampigia Godelive simu.

"Niko nayo."

"Na nini?" Sauti ilikuwa ya baridi.

"Unité centrale. Ndani yake kuna disque dur. Ndiyo inachunga yote, hata groupe ikizimika."

"Kumbe ulisikia."

"Nilisikia kwa kuchelewa, mpenzi. Nisamehe."

"Ile écran yako ningali nayo," akasema taratibu. "Nitakuja nayo."

Alikuja na kitenge kilekile cha kasuku, sasa kimepauka. Wakasafisha magamba, wakachomeka nyaya, wakawasha groupe ya jirani. Sanduku likakoroma, likatoa harufu ya samaki. Halafu, juu ya ile écran iliyopanda kichwani hadi Nyankunde, akatokea mama mnene mwenye kilemba cheupe, akitabasamu.

Godelive alifunika mdomo.

Anaclet akavua kofia, akapiga magoti mbele ya picha. "Mama, nimekuja kuomba binti yako."

Nyuma yake, sauti yenye machozi ikacheka. "Paza sauti, chéri. Mama alikuwa hasikii vizuri."