Buti la Kulia

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida tu, ya jua na chai ya chupa. Mwanaakiolojia aliyesimamia uchimbaji kwenye uwanja wa vita wa zamani alikuwa amepiga magoti ndani ya handaki. Wenzake walimwita Brashi, wakamtania kwamba hata mkate angeupangusa kwanza ndipo aule. Juu kote kulikuwa na mchanga mtupu. Udongo wa mfinyanzi wa kijivu ulikuwa mle chini tu, na ndani yake akamfikia askari. Mifupa ilikuwa kamili. Buti lilikuwa moja, la kulia.

Babu yake mzaa mama alipotelea katika vita hivyohivyo. Mama mtu sasa alikuwa kitandani, wa leo au kesho, na ombi lake lilikuwa moja: amzike baba yake kabla hajazikwa yeye.

"Tazama mkono wa kushoto," alinong'ona mpima ramani, mwenzake wa miaka mingi.

Babu alivunjika mkono ule utotoni, ukaunga kwa kupinda. Brashi aliupangusa mfupa, akarudia tena. Ulikuwa umenyooka, hauna hata kovu.

"Siye, dada. Tumweke na wasiojulikana, tutafute kwao."

"Mama hana muda."

"Na huyu je? Naye ana kwao."

"Amesubiri miaka yote hii. Atavumilia."

"Njia ya mwongo fupi," mpima ramani alisema, lakini mkuu wa kazi ni Brashi, na neno lake likapita.

Sanduku la mifupa, pamoja na lile buti, lilizikwa nyuma ya nyumba kwa jina la babu. Mama alibebwa kitini hadi kaburini, akatupia udongo kwa mkono wake mwenyewe, akalia, kisha akatabasamu kama binti mdogo. Brashi alilia naye. Hakujuta hata chembe.

Kesho yake alasiri alirudi kutoka kazini, akamkuta mama ameketi. Mama ambaye hata kujigeuza hakuweza.

"Funga mlango, mwanangu. Taratibu."

"Kuna nini, mama?"

"Kuna mtu alikuja. Kijana. Nikamwambia, karibu, baba." Mama alimeza mate. "Akasema yeye si baba yangu."

Brashi aliufunga mlango.

"Hana ubaya, maskini. Anauliza kitu kimoja tu. Kwao ni wapi."

"Ukamjibu nini?"

"Nimjibu nini mimi? Nikamwambia mwanangu ndiye anayejua, amsubiri chumbani kwake."

Brashi akatazama chini. Toka mlangoni kulikuwa na nyayo za udongo wa mfinyanzi wa kijivu, bado mbichi. Buti. Unyayo mtupu. Buti. Unyayo mtupu. Zilipita kando ya kitanda cha mama, zikaingia chumbani kwa Brashi.

Za kutoka hazikuwapo.