Mwanamume Asiyeutikisa Mstari

Magharibi ilikuwa inaingia, nami nimebeba ndoo yangu kwenda kupiga deki maabara ya Olfa, ghorofa ya pili pale chuoni. Wote pale huniita khalti, yaani mama mdogo, hata wenye mvi. Chumba kile siimbi. Olfa hataki. Kutembea kwenyewe hataki.

Olfa ni mhandisi, ana miaka thelathini na minne, na mama yake ameshanunua mashuka ya harusi mara mbili. Kazi yake ni kupima umeme mdogo kupita kiasi. Ametengeneza chipu, kidude cha ukubwa wa punje ya dengu, kinakaa ndani ya boksi la shaba, na mstari wa kijani kwenye skrini unaonyesha kilichopita. Aliwahi kuniambia ni kama kukaa hapa Sfax ukahesabu matone ya bomba linalovuja Tunis. Basi boksi likiwa wazi, ukipita tu karibu, mstari unaruka, kwa sababu mwili hubeba umeme wa nguo, ule unaolia chachacha ukivua sweta. Wangu ulikuwa unaruka kuliko wa wote. Hata paka wa mlinzi alikuwa na mruko wake.

Jioni ile alikuwepo mchumba wake, Bwana Shedli, ambaye kwa kwetu tunamwita Si Shedli. Mpole, suti safi, sauti ya chini. Alisema kwao Gafsa. Mimi nina shoga wa Gafsa, tunakutana hamamu kila Alhamisi, na shoga huyo ukoo wa Si Shedli hajawahi kuusikia. Tena alikuwa na harufu... kama kisima kilichofunikwa miaka mingi.

Alipita mbele ya boksi. Lilikuwa wazi.

Mstari haukuruka.

Akarudi. Akainama juu yake, akachungulia kama mtu anayeonja mchuzi. Mstari umelala.

Mimi nikainua mguu mmoja tu, mlangoni. Ukaruka.

Alipotoka nikamnong'oneza Olfa. Akacheka, akasema viatu vya Si Shedli ni vya ngozi na hewa ina unyevu, umeme unakwenda zake sakafuni. Nikasema sawa. Lakini moyoni sikusema sawa. Jumapili walikuwa wanasoma Fatiha ya posa, na binti huyu nimemjua tangu mwaka wake wa kwanza chuoni, analia chooni nami nampa leso.

Ijumaa upepo mkavu wa jangwani ulikuwa umevuma siku mbili. Vitasa vya milango vilikuwa vinauma vidole. Nikachukua sweta la nailoni la marehemu mume wangu na ndara za plastiki. Si Shedli alipofika nikamwambia deki bado mbichi, avue viatu avae ndara asije akateleza, na avae sweta kwa baridi.  Akavaa. Nikamsugua mgongo kwa kitambaa, eti nampangusa vumbi. Chachacha... Ila ilinilia mimi, vidoleni. Kwake kimya.

Akavuka chumba, hatua kwa hatua, akizunguka boksi.

Mstari umelala kama maiti.

Akaja hadi sikioni kwangu. "Umeridhika, khalti?"

Sikuwa nimemwambia kitu.

Nilimkamata Olfa kwenye ngazi, nikamshika mkono, nikamwambia yote: Gafsa, harufu, sweta. Nikamwomba asisome Fatiha na kitu ambacho hata paka anakishinda kuwa hai.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonitisha.

"Najua," alisema. "Nimempima tangu wiki ya kwanza."

"Unajua na bado unamtaka?"

"Miaka kumi na moja nafukuza kelele, khalti. Watu wote ni kelele. Mama ni kelele. Wewe ni kelele, na nakupenda hivyo hivyo. Yeye akisimama karibu, nasikia kitu kidogo kabisa, chini ya vyote."

"Kitu gani?"

Akashuka ngazi.

Fatiha ikasomwa. Baklawa nilikula, nidanganye ya nini, ilikuwa ya lozi. Wakaoana majira ya kuchipua, na kazi ya Olfa ikasifiwa mpaka ng'ambo. Wanafunzi wake wanatolewa nje boksi likifunguliwa. Yeye hatoki. Anakunja mikono juu ya chipu, anavua koti la sufu, anajifunga kilemba, na ule mstari hata kope haupepesi. Mama yake anasema amependeza. Kweli amependeza. Leso zangu hazihitaji tena; halii.

Jumanne iliyopita niliingia na ndoo. Nilikuwa nimesahau kwamba boksi liko wazi, nikakatiza katikati ya chumba kwa mwendo wangu wa haraka, maji yakimwagika. Nilipokumbuka nikasimama, nikangoja anikaripie.

Olfa hakugeuka. Alikuwa anatazama skrini, na mstari umelala.

"Siku hizi umeanza kutulia, khalti," alisema polepole. "Si Shedli anakusalimu."

Mimi nimetulia? Nikainua mguu mmoja, kama siku ile mlangoni, na mstari haukuruka.