Nafasi ya Wifi

Lile faili jipya kwenye tovuti ya mtaa halikuwa na uzito. Sifuri kabisa, imeandikwa pale pale chini ya picha, na bado picha yenyewe ilifunguka vizuri: sebule ya Dada Kompyuta, kama mtaa ulivyomwita, imepigwa kutoka kona ya dari, naye yumo, amekaa mezani na blauzi aliyoivaa asubuhi hiyo hiyo. Akainua macho juu. Hakuona kitu zaidi ya utando wa buibui.

"Nani kapakia hii?" alijiuliza kwa sauti. Loo, kana kwamba hajui!

Nisikilize, maana sirudii. Tovuti ya mtaa wao aliijenga yeye, bure, miaka mitatu. Kusoma, kila mtu alisoma. Lakini kupakia picha au tangazo kulihitaji ruhusa, na ruhusa ilitoka kwake tu. Kanuni aliiandika kwa mkono wake: anayeomba apigiwe simu kwanza, ajulikane ni nani na anakaa wapi. Watu arobaini na watatu walipata hivyo, mmoja wao wifi yake, dada wa mumewe, mpiga picha mwenye kicheko kikubwa. Wifi akipakia picha ya mtaro uliozibuliwa, watu sitini wanamsifu. Hata mume, kijiko mkononi: "Dada yangu ana jicho, bwana!" Dada Kompyuta alitabasamu. Nyumba nimejenga mimi, alijisemea, anasifiwa wa mapazia.

Basi Jumatatu akamfungia. Aliondoa ruhusa ya wifi, na alipoulizwa akasema mtandao unasumbua. Hazikupita dakika tano, likaingia ombi kutoka akaunti isiyo na jina wala namba ya simu. Kwenye sehemu ya sababu liliandikwa: Nipe nafasi yake. Mtu mwenye akili timamu angeshtuka. Yeye alicheka, akaona kapata mwenzake wa kumchukia wifi, akabofya Kubali bila kumpigia mtu yeyote.

Sasa leo, Alhamisi saa nane mchana, jua kali nje, alifungua orodha ya wenye ruhusa ili amfute huyo asiye na jina. Watu walikuwa kumi na mmoja. Akahesabu tena. Tisa. Hakuwa amegusa kitu, lakini kipanya kilikuwa kinalia chenyewe mezani, ka, ka, na kila kikilia jina moja linazimika. Harufu ya nguo mbichi zilizosahaulika kwenye mfuko ikajaa sebuleni. Kisha maneno yakaanza kujiandika, taratibu, kama ya mtu anayejifunza herufi:

Wifi, hawa wote wa nini? Mimi nakutosha.

"Mke wangu," sauti ya mume ikasikika mlangoni. "Nifungulie."

"Mlango uko wazi."

"Najua uko wazi." Alikuwa anacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyetaka kuonekana anaogopa. "Mguu hauendi."

Dada Kompyuta akageukia kioo cha kompyuta. Mume: ruhusa imeondolewa. Na chini yake: Bado huyu mdogo.

Mdogo alikuwa binti yao wa miaka mitano, amelala kifudifudi sakafuni anachora, na mama alipomrukia na kumshika kwapani ili amtoe nje akakuta mtoto hainuki, mzito kama mfuko wa saruji, baridi kuanzia vidoleni hadi mabegani, anaendelea kuchora bila kupepesa, huku kipanya kinalia ka, ka, ka, na ile harufu inasogea karibu, karibu kabisa, hadi akahisi pumzi ya mtu nyuma ya sikio lake, pumzi ya mtu mwenye wivu, na wivu aliujua, aliubeba mwenyewe kifuani kila siku.

"Ita mtu!" alimnong'oneza mumewe. "Jamani, ita mtu, anamchukua mtoto!"

Mume akampigia dada yake. Hata sasa, aliwaza mwanamke, hata sasa dada yake kwanza! Ndiyo, aliliwaza hilo, mtoto yuko vile.

Wifi alifika mbio na mganga wa mtaa wa pili, mama mfupi mwenye miwani minene. Nao miguu iligoma kizingitini. Mganga akazunguka dirishani.

"Ulimpa nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nani?"

"Usinichezee, binti yangu. Huyu hakutumwa. Alikaribishwa."

Kipanya kikalia mara moja.

"Nafasi ya wifi," alisema Dada Kompyuta. "Nilimfungia. Nilimwonea wivu. Wivu tu, hakunikosea kitu."

Wifi alisimama pale dirishani, kamera bado shingoni. "Nilidhani ni mtandao," alisema polepole. "Nilipanda hadi juu ya paa na simu yangu, nautafuta."

"Mrudishie mwenyewe," mganga akasema. "Yote. Ukibakiza hata chembe, atakuja kuidai kwako."

Akaketi mbele ya kompyuta. Ruhusa ya wifi ilikuwa na visanduku vitatu: kupakia, kufuta, na kuchapisha picha bila kupitiwa na msimamizi. Akabofya cha kwanza. Akabofya cha pili. Kwenye cha tatu mkono ukasita. Zipitie kwangu kwanza, aliwaza. Kidogo tu. Angalau hilo nibaki nalo. Akakiacha kitupu.

"Umerudisha yote?" mganga akauliza.

"Yote."

Akaunti isiyo na jina ikazimika. Harufu ikakatika ghafla. Mtoto akapiga chafya, akaruka wima, mwepesi, akatoka mbio hadi mikononi mwa shangazi yake uani. Mume akawakumbatia wote wawili, analia na kucheka kwa pamoja.

"Njoo, wifi!" mpiga picha akaita, mkono mmoja wazi. "Yameisha. Njoo!"

Dada Kompyuta akakimbilia mlangoni. Mguu haukuvuka. Akauvuta kwa mikono miwili, haukuvuka.

"Nakuja," ikasema sauti yake mwenyewe, mgongoni kwake.

Mwanamke akampita bega kwa bega, baridi, mwenye uso wake mwenyewe, blauzi ile ile na mwendo ule ule, akashuka ngazi hadi uani. Dada Kompyuta akapiga kelele, akagonga kioo cha dirisha kwa ngumi zote mbili, na mganga aliyesimama upande wa pili wa kioo hicho alikuwa anafuta miwani yake bila haraka, kama asiyesikia kitu. Wifi akamkumbatia yule mwanamke. Mume akambusu kwenye paji la uso. Mtoto akamning'inia shingoni, akamwita mama.