Shanga Zilizochelewa Njiani

Kwetu Roret, posa bila mursik, maziwa yetu ya mgando, si posa. Na mursik ya wageni haimiminwi kutoka kwa jagi ya plastiki. Inatoka kwa kibuyu kilichovalishwa shanga. Kogo Rebeccah, nyanya yake Fancy, alikuwa ameapa: kibuyu cha posa ya Fancy atakishona yeye mwenyewe. Shida ilikuwa macho. Daktari alisema ni presha ya macho, na nuru iliyopotea hairudi. Dawa ingelinda ile kidogo iliyobaki, na hata hiyo ilikuwa inapungua.

Chepkurui, mama yake Fancy, aliagiza shanga Ulaya kwa simu. Asubuhi alichuma majani chai, jioni alitazama simu. "Mzigo uko njiani," simu ilisema. Ilisema hivyo wakati wa mvua. Ikasema hivyo mpaka jua likakausha matope.

"Kogo, anza na shanga za hapa sokoni," Chepkurui alimsihi.

"Nichanganye za huku na za kule?" Kogo alifoka. "Kibuyu changu si suruali ya kutiwa kiraka. Nitangoja."

Ubishi wa Kogo, woiye! Alingoja, lakini macho hayakumngoja.

Siku ya soko Chepkurui alimwendea Bitutu, mama anayeuza nyuzi na shanga. Alifika akiwa amefura kwa hasira.

"Bitutu, nimeibiwa! Eti mzigo umefika Mombasa, na sasa wanataka ushuru. Si nililipa?"

"Keti kwanza, Mama Fancy. Hujaibiwa. Hata mimi, ona hizi rafu zangu. Kumebaki vumbi." Bitutu alimsogezea stuli. "Njia fupi ya meli kutoka Ulaya inapita Bahari ya Shamu. Huko meli zilishambuliwa. Kwa hivyo nyingi zinazunguka Afrika nzima kwa chini. Safari ni ndefu, mafuta ni mengi, bima iko juu. Nauli lazima ipande."

"Na ushuru je?"

"Ushuru haupigwi kwa bei ya shanga peke yake. Wanajumlisha nauli na bima. Nauli ikipanda, ushuru nao unapanda."

"Mbona hawakuniambia?"

"Uliuliza?"

Chepkurui alirudisha simu mfukoni. Aibu ilimshika.

"Siku ingine uliza bei mpaka mlangoni," Bitutu alisema. "Nauli, ushuru, na malipo ya wakala wa kutoa mzigo bandarini. Agiza mapema. Tena usiagize peke yako. Sisi wamama wa shanga tuagize pamoja, gharama tugawane. Lakini macho ya Kogo usiyangojeshe meli. Beba hizi chache zimebaki, aanze leo."

Nyumbani, Kogo alisikiliza yote bila kuinua kichwa.

"Kumbe nilikuwa nangoja bahari," alisema. "Lete sindano."

Fancy alimtungia uzi. Kogo alishona shingo ya kibuyu, akateremka kidogo kwenye tumbo. Aliimba akishona. Kisha siku moja akasema, "Fancy, washa taa."

Ilikuwa saa sita mchana, na jua limejaa mlangoni. Fancy alitoka nje, akalia nyuma ya nyumba mpaka shati likalowa.

Mzigo wa Ulaya ulikuja baadaye, na Fancy ndiye aliyemalizia kibuyu. Wamama wa Roret sasa wanaagiza pamoja, na wanauliza bei yote kabla ya kutuma hata shilingi. Mzigo wao wa kwanza ulipofika, hakuna aliyegombana na mtu. Ni jambo jema. Kwa Kogo lilichelewa.

Siku ya posa, wageni walipomaliza kunywa, Fancy alimwekea Kogo kibuyu mapajani. Vidole vya mzee vilipapasa shingo, vikateremka polepole, kisha vikasimama.

"Hapa ndipo mkono wangu uliishia," alisema.

"Ndiyo, Kogo."

"Na hapa chini ni wako. Unavuta uzi sana." Akaendelea kupapasa hadi kitako cha kibuyu. "Niambie rangi zake, mama. Moja moja. Usiharakishe."